Mstari Mwekundu kwenye Kikombe

Andika kwanza kwamba baba yangu alizaliwa Kasai, katika kijiji ambacho sijakiona kwa macho yangu, akaletwa huku angali kijana kufanya kazi ya shaba. Na kwamba mama yangu alizaliwa Tenke, karibu na reli, katika nyumba ambamo sahani zilitikisika kila treni ilipopita. Majina yao unayajua. Usiyaandike, wala usiandike jina la mtu yeyote katika habari hii, kwa sababu ninayemshtaki hapa ni mmoja tu, naye ndiye anayekuambia uandike.

Mimi sikusoma. Wewe umesoma kwa niaba yangu, kwa hiyo kaa wima na usinirekebishe maneno.

Babu yako alikuwa mtu wa Musumba. Alikuja Kolwezi kutafuta kazi, akawa mchomeleaji katika karakana ya kampuni ya zamani ya mgodi, akapewa nyumba hii ya mtaa wa Dilala tunamokaa. Ndugu zake hawakupenda anioe, kwa sababu ya asili ya baba yangu. Ule wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mjini na kwenda kulala kwenye vituo vya treni na watoto wao, vijana walifika mpaka kwenye mlango huu. Babu yako alitoka na nguo zake za kazi, akasimama kwenye kizingiti, akawaambia neno moja tu: huyu anabaki. Wakaondoka. Nilibaki, lakini kwa ndugu zake sikuacha kuwa mgeni. Ukumbuke jambo hilo, kwa maana bila hilo hutaelewa nililofanya baadaye.

Ugonjwa ulimwanzia kiunoni. Alidhani ni uchovu wa kazi ya miaka mingi ya kuinama juu ya chuma. Kisha mkojo ukawa shida, naye akaona aibu kusema, akanyamaza karibu mwaka mzima. Tulipomfikisha hospitali, daktari alitueleza kuwa ni saratani ya wanaume, na kuwa imekwisha kuingia katika mifupa. Alilazwa, akatundikiwa serumu, na mimi nilipoiona ile chupa ya maji inadondoka nilitulia, kwa sababu kwetu mgonjwa aliyetundikiwa serumu ni mgonjwa anayetibiwa. Baada ya majuma machache daktari akaniita, akasema kuwa kilichobaki si kuuondoa ugonjwa bali kumwondolea mgonjwa maumivu, na kuwa hilo linaweza kufanyika nyumbani, kitandani mwake mwenyewe. Muuguzi atakuja kila Ijumaa na kila Jumanne.

Mtaa mzima ulisikia kwa namna nyingine. Walisema hospitali imemtupa. Wengine walisema nimekosa uvumilivu wa kukaa naye hospitalini. Dada mmoja wa kanisani aliniuliza kwa upole, mbele ya wanawake wenzake, kama ni kweli nimekubali karatasi ya kumwacha mume wangu afe. Nilirudi nyumbani nikatandika kitanda karibu na dirisha, ili awe anaona ua.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mfuko mweusi begani. Alikuja kwa pikipiki ya kukodi, na kila mara dereva alimshusha mbali, kwenye kona, kwa sababu hakutaka pikipiki yake ionekane mbele ya nyumba ambamo yule mama ameingia. Alitufundisha kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, kumsafisha kinywa kwa kitambaa laini, kuweka mto kati ya magoti. Kisha akatoa chupa ya dawa ya maji, chungu, na kikombe kidogo cha plastiki. Alikichora mstari kwa kalamu nyekundu, akasema: mpaka hapa, si chini, si juu. Alipotaka kunieleza saa, nilimwambia kuwa sisomi saa. Hakucheka. Alikaa akauliza ni sauti gani ninazisikia katika mtaa huu kila siku, tukazihesabu pamoja. Kengele ya misa ya asubuhi, dawa. Chuma cha shule kinachogongwa watoto watoke kucheza, au siku isiyo ya shule jua likifika katikati ya ua, dawa. King'ora cha mgodi wanapobadilishana zamu, dawa. Habari za jioni katika redio ya jirani, dawa. Na kabla ya kulala, vikombe viwili pamoja, ili alale mpaka kengele.

Kwa hiyo usije ukasema kuwa bibi yako alikosea kwa sababu hakusoma. Nilielewa vizuri sana.

Kwa siku nne nilimpa kama nilivyoagizwa, na kwa siku nne alilala, akala uji, akauliza habari za karakana. Kisha maneno yakaanza kuingia uani. Ile dawa, walisema, ni ileile ya kulewesha. Vijana wa machimboni wangeivamia nyumba wakijua iko. Ile dawa inapewa mtu ambaye wakubwa wamekwisha kuamua siku yake. Sirop, dawa ya maji, ni ya watoto; mtu mzima mwenye ugonjwa mkubwa anapewa sindano, na asiyepewa sindano amekwisha kufutwa. Jirani yangu wa upande wa kisima, ambaye ulimi wake unaujua, alinisimamisha mbele ya wanawake nikiwa na ndoo kichwani, akaniita yaya, kama dada yake mkubwa.

“Yaya, ule mama wa mufuko akiingia mu nyumba ya mutu, siye tunaanza kutafuta bitambaa bya kilio. Na kwako alishaingia mara ngapi?”

“Tafuta kizuri,” nilimwambia. “Kile cha mwaka jana kilikuwa na matundu.”

Wanawake walicheka, naye pia akacheka. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani.

Si kwamba niliamini kuwa dawa inaua. Nilikuwa nimeyaona macho ya babu yako yanavyotulia. Hofu yangu ilikuwa nyingine, nami nataka uiandike kama ilivyokuwa, bila kuipamba.

Katika ukoo wa babu yako, mwanamume mwenye nyumba akikaribia kuondoka, huitwa mkubwa wake, kaka aliyemtangulia kuzaliwa, akakaa karibu na kitanda, na mgonjwa akaacha maneno. Anasema nani alimkosea na nani hakumkosea. Hasa anasema juu ya mke wake. Akisema kuwa mke hakumkosea, hakuna atakayemuuliza mjane swali msibani, na nyumba inabaki kwa watoto. Akifa kimya, kila mtu ana ruhusa ya kufikiri. Nimeona wajane wakikalishwa chini siku tatu wakiulizwa walimlisha nini marehemu. Nimemwona mmoja akitolewa nje na godoro lake, na yeye alikuwa mwanamke wa kwao. Mimi wangenifanyaje, mtu wa Kasai, mwenye chupa ya dawa ya usingizi kabatini, na mume aliyekufa amelala bila neno?

Mkubwa wa babu yako alikuwa akiishi Musumba. Tulimpigia simu, akasema anakuja. Lakini ilikuwa kati ya mvua, na barabara ya kutoka kule unaijua kwa kuambiwa: magari hukaa siku mbili katika shimo moja. Nilianza kufikiri kuwa nikimpa babu yako vikombe vyote sita, mkubwa wake atamkuta amezama katika usingizi, au amechanganyikiwa, na maneno hayatatoka. Hivyo niliamua kumhifadhi. Nilitumia neno hilo moyoni mwangu: kumhifadhi. Nilimwachia kikombe cha usiku, tena kimoja badala ya viwili. Vile vinne vya mchana, tangu kengele mpaka redio, nikaviondoa.

Kengele ililia, nikafagia. Chuma cha shule kiligongwa, nikachambua maharage. King'ora cha mgodi kililia, nikatoka nje nisimsikie.

Alikuwa mtu asiyepiga kelele. Alikuwa akiuma shuka. Nilipoifua niliona meno yake pale kwenye kona, na nilijiambia kuwa ni siku chache tu, mkubwa wake yuko njiani.

Jumanne muuguzi alifika, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa muda mrefu. Aliniita jikoni ili mgonjwa asisikie.

“Mama, hii chupa haishuke. Unamupatia ao unamuchungia mu kabati?”

Nilimwambia kuwa mgonjwa mwenyewe amekataa. Ulikuwa uongo. Alinitazama, na nafikiri alijua, lakini hakunivunjia heshima. Alisema kwa sauti ya chini kuwa ameingia nyumba nyingi za mji huu, na kuwa katika nyingi chupa inakaa imejaa, kila nyumba kwa sababu yake: huku wanangoja muujiza wa kikundi cha maombi, kule wanaogopa wakwe, kwingine mtoto mmoja yuko nje ya nchi na hataki ionekane kuwa wamekata tamaa. Alisema mgonjwa wa namna hii haondolewi duniani na dawa. Ugonjwa una mwendo wake, na dawa haiuharakishi. Kisha akabandika utepe mweupe kwenye chupa, na kuniambia kuwa Ijumaa atakuta dawa imefika pale chini.

Angeweza kunikemea, na mimi ningemheshimu zaidi. Lakini alinipa utepe, na mimi nikauona ule utepe kama mtego wa kutegua.

Kwa hiyo nilianza kuimwaga. Kila sauti iliponiita, nilijaza kikombe mpaka kwenye mstari mwekundu, sawasawa, si chini, si juu, nikatoka nacho uani, nikakimwaga kwenye maji machafu ya beseni la kufulia. Kisha nikakisuuza kikombe na kukirudisha juu ya kabati. Ijumaa muuguzi alikuta dawa imefika kwenye utepe. Alimtazama babu yako alivyokunja uso, akatazama chupa, akasema labda kipimo hakitoshi, atamuuliza daktari kama kiongezwe. Aliondoka akiwa na wasiwasi juu ya dawa yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono yangu safi.

Kuna nyumba katika mji huu ambazo zinaitafuta dawa hiyo na haziipati. Andika hilo pia.

Jumapili mchana mkubwa wa babu yako alifika. Viatu vyake vilikuwa vimekuwa vizito kwa matope, na shati alilovaa halikuwa na rangi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniita mulamu, yaani shemeji. Aliniita “mama wa batoto”, kana kwamba watoto walizaliwa na mimi nikaja baadaye. Nilimwekea kiti karibu na kitanda. Niliwaita majirani wawili wawe mashahidi. Nilikuwa nimejifunga kitenge kipya. Nilikuwa tayari kwa maneno.

Maneno hayakuja. Babu yako alimtambua ndugu yake, akafungua kinywa, na maumivu yakamkamata kabla ya neno la kwanza. Alijaribu tena. Alitaja jina la mama yao. Alisema “maji”. Alisema “nigeuzeni”, tukamgeuza, akasema “hapana, nigeuzeni”. Mashahidi walitazama sakafu. Jirani mmoja akasingizia chungu chake jikoni, akatoka. Mambo yote niliyoyahofu kwa sababu ya dawa, usingizi na kuchanganyikiwa na kukosa neno, niliyaona pale mbele yangu, na hakuwa amekunywa dawa mchana kwa siku kumi.

Mkubwa wake alikaa mpaka jasho la ndugu yake lilipolowanisha mto. Aliinuka, akamshika miguu, akajaribu kuiweka sawa, akashindwa. Kisha akanigeukia.

“Mulamu, hakuna dawa mu hii nyumba?”

“Iko.”

“Sasa unangojea nini?”

“Nilikuwa nangojea weye.”

Hakuelewa, au alielewa mara moja; uso wake haukunionyesha. Alisema tu, “Mupe. Mupe sasa hivi.”

King'ora kilikuwa hakijalia. Nilijaza kikombe mpaka kwenye mstari, na ile ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku kumi ambapo kikombe cha mchana kiliingia kinywani mwake. Tulikaa. Mzee alivua viatu, akaanza kukwangua matope kwa kijiti. Matope yalikuwa hayajaisha viatuni wakati babu yako alipopumua kwa kirefu na kufungua macho, na macho yale yalikuwa yake.

“Yaya,” alimwambia mkubwa wake, “hata mu kilio changu utaingia na potopoto mu viatu?”

“Njia ni mubaya. Tulisukuma gari kutoka kule mupaka huku.”

“Kumbe ulikuja kwa miguu, gari ndiyo ilikupanda.”

Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge changu nilichokuwa nimekianika kwenye kiti. Alitoa chupa ya asali aliyoitoa kwao, babu yako akailamba kwenye kidole cha ndugu yake kama mtoto. Waliongea juu ya shamba la baba yao, juu ya mtu aliyekuwa akiwaibia mihogo walipokuwa wadogo. Saa nzima waliongea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikihesabu kimya siku kumi ambazo mazungumzo hayo yangeweza kuwa yangu, yangeweza kuwa ya watoto wake, yangeweza kuwa yako, wewe uliyekuwa ukichungulia ukaambiwa nenda kacheze.

Kisha babu yako akamwomba jirani aliyebaki asogee. Akaninyooshea kidevu.

“Sikieni vizuri. Huyu mwanamuke hakunikosea kitu. Hata siku moja.”

Mzee aliitika kwa kichwa. Jirani aliitika. Jambo lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nimepata nilichokingoja. Mzee alitoka kwenda kuoga, jirani akamsindikiza, nami nikakaribia kitanda kumpangusa babu yako asali kwenye ndevu. Alinishika kiganja. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka pale mtu aliyelala anaona ua wote, mpaka kwenye beseni la kufulia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka kitanda pale.

“Ile dawa,” alisema, “usiimwange tena.”

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililo gumu kwangu hata leo. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, na bado alisema mbele ya mashahidi kuwa sikumkosea hata siku moja. Maneno niliyomtesea siku kumi ili ayaseme yalikuwa ya uongo, na alinipa makusudi, kama alivyosimama mlangoni ule mwaka mwingine.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Kengele, chuma, king'ora, redio, na vikombe viwili vya usiku. Sikukosa hata kimoja. Muuguzi alipokuja nilimweleza yote. Alisema tu kuwa sasa hataomba kipimo kiongezwe. Babu yako alikufa mchana, king'ora kikilia, na mimi kikombe kikiwa mkononi.

Msibani mkubwa wake alisimama, akarudia yale maneno mbele ya ukoo. Hakuna aliyeniuliza swali. Nyumba ilibaki. Watu walisema kuwa marehemu aliishikilia roho yake ili amngojee ndugu yake, na kuwa ndugu alipofika na kumwombea, alipata nafuu ya ghafla. Wanasema hivyo mpaka leo. Juu ya dawa hakuna aliyesema, isipokuwa jirani wa kisima, aliyesema kuwa mama wa mfuko amemaliza mwingine. Mimi niliyejua nilinyamaza, kwa sababu ukimya wangu ulikuwa unanifaa. Yule muuguzi bado anashushwa kwenye kona. Mwezi uliopita nilimwona akivuka matope na mfuko wake, na mama mmoja akiwavuta watoto wake ndani.

Sasa sikiliza utakayoyatunza.

Usitunze yale maneno ya babu yako peke yake, kama ukoo unavyoyarudia. Yatunze pamoja na ya pili, yale ya dirishani. Ukiyasema ya kwanza msibani au kwenye ndoa ya mtu, uyaseme na ya pili, hata kama nipo.

Siku nikiugua ugonjwa wa namna hiyo, msingoje mtu yeyote aliye njiani, awe mtoto wangu, awe ndugu, awe mchungaji. Maneno yangu nayaacha leo, nikiwa na akili yangu na mifupa yangu imetulia: watoto wangu hawakunikosea. Ni mjomba wako peke yake aliyenikosea, anajua ni kwa lipi, nimekwisha kumwambia usoni, na hilo lisiwacheleweshe kunipa dawa. Mkinisikia siwezi kusema, msiseme ninahifadhi roho kwa ajili ya mgeni. Angalieni chupa kama imeshuka.

Muuguzi akija, mwende kumpokea kwenye kona, na mfuko mumbebee mpaka mlangoni, mtaa wote uone.

Kikombe kiko juu ya kabati, nyuma ya sahani za maua. Mstari umefifia, karibu hauonekani. Ukimaliza kuandika, tafuta kalamu nyekundu, uuchore tena palepale ulipokuwa.